Siku Majeruhi Sitini Wanapofika kwa Pamoja: Mwongozo kwa Hospitali ya Wilaya na Mkoa

Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, baada tu ya saa nne na nusu asubuhi, watu waliokuwa maofisini katikati ya Nairobi walisikia mlipuko mdogo upande wa ubalozi wa Marekani. Wengi wakafanya ambalo wewe na mimi tungefanya: walisogea dirishani kuchungulia. Kisha bomu lenyewe likalipuka, na vioo vikawajia usoni. Watu 213 walikufa Nairobi siku ile na maelfu walijeruhiwa, na sehemu kubwa ya mzigo ulioziangukia hospitali za jiji ilikuwa ya macho: vipande vya vioo ndani ya jicho, kope zilizochanika, watu waliotoka nyumbani wanaona na wakarudi wameshikwa mkono. Dar es Salaam, karibu muda uleule, bomu la pili liliua watu 11 na kujeruhi 85.

Naanza na vioo kwa sababu hospitali ikikaa kujiandaa kwa bomu huwaza damu na mifupa tu. Nimeona orodha nyingi za watu wa kupigiwa simu siku ya maafa, na daktari wa macho hayumo. Wa masikio naye hayumo.

Mwongozo huu ni wa hospitali yenye thieta mbili, jenereta moja, friji ya damu isiyojaa na wauguzi watatu zamu ya usiku. Hospitali kubwa za rufaa zina wataalamu wao. Huku kwetu mpango wa maafa mara nyingi ni faili lililofungiwa kabatini kwa mganga mfawidhi, limeandikwa wiki ambayo wakaguzi walikuwa wanakuja. Mimi mwenyewe nimewahi kushiriki kuandika faili la namna hiyo. Lilikuwa na kurasa 46 na halikuwa na namba ya simu hata moja.

Hatua ya 1: Kubali kwamba hawatakuja na ambulensi

Watakuja na bodaboda, bajaji, daladala, pikapu ya mchanga na gari la polisi. Na wa kwanza kufika watakuwa wale walioumia kidogo, kwa sababu wana miguu ya kuwaleta na hawangoji kubebwa. Wataingia mapokezi wakiwa wametapakaa damu, nyingine si yao, na kila mmoja atapewa kitanda kwa huruma. Dakika ishirini baadaye analetwa kijana aliyekatika mguu, vitanda vimeisha.

Hivyo ndivyo ilivyo kila mahali. Treni zilipolipuliwa Madrid tarehe 11 Machi 2004, Hospitali ya Gregorio Marañón, iliyokuwa karibu, ilipokea majeruhi zaidi ya 250 asubuhi ile moja. Hospitali ya jirani ndiyo inayobeba, iwe na uwezo au isiwe nao.

Kuna kanuni ya haraka ambayo wataalamu wa Marekani huitumia kukadiria: hesabu waliofika katika saa ya kwanza tangu yule wa kwanza alipoingia, kisha zidisha mara mbili. Wakiwa 30, jiandae kwa 60. Kanuni hiyo haifai sana pale jengo lilipoanguka. Nairobi, watu walifukuliwa kwenye kifusi cha jengo la Ufundi kwa siku kadhaa, na anayetolewa kwenye kifusi siku za baadaye huja na matatizo tofauti na yale ya siku ya kwanza: figo zilizoathirika kwa kubanwa, na upungufu mkubwa wa maji mwilini.

Cha kufanya leo ni viwili. Tafuta eneo la nje ya jengo ambapo wenye majeraha madogo watakaa, kama vile chini ya mwembe, kwenye bwalo au kwenye banda la kliniki ya watoto, na hakikisha lina maji. Pili, kila asubuhi kwenye raundi ya wodi, muuguzi aweke alama kwenye majina ya wagonjwa wanaoweza kuruhusiwa ndani ya saa mbili hali ikilazimu. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano. Siku ya tukio hutakuwa na dakika hizo.

Hatua ya 2: Nani anaamua

Anaamua mtu mmoja. Si kamati. Na awe yule aliyepo kazini muda huo, hata kama ni tabibu wa zamu ya usiku, mpaka mkubwa wake afike, apokee rasmi kwa mdomo na avae koti la rangi. Koti hilo linunuliwe, linaloonekana hata gizani, na litundikwe mahali pamoja. Wakubwa watatu wakitoa amri tatu kwenye korido moja, wauguzi wataacha kuwasikiliza wote.

Mwenye koti hatibu. Hagusi mgonjwa. Hili ndilo gumu kuliko yote, hasa kwa daktari bingwa ambaye mikono inamwasha. Lakini akiinama kwenye kifua cha mtu mmoja, hakuna tena anayeangalia hospitali nzima.

Simu nazo zitagoma. Tukio kubwa likitokea kila mtu mjini anampigia mwenzake, na mtandao unazidiwa. Kwa hiyo muwe na kanuni ya kujileta: mfanyakazi akisikia mlipuko mkubwa au habari za shambulio, na familia yake iko salama, anakuja mwenyewe bila kungoja kuitwa, anajiandikisha sehemu moja iliyopangwa, anapangiwa. Zamu ya pili hairuhusiwi kuja. Ibaki nyumbani ilale, kwa sababu kesho saa moja asubuhi mtaihitaji ikiwa na akili timamu.

Hatua ya 3: Geti, na ufunguo wa geti

Nitasimulia lililotupata kwenye zoezi letu la kwanza, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mpango ulisema majeruhi waingie kwa geti la nyuma, kisha magari yatokee geti la mbele, yasipishane. Mchoro ulikuwa mzuri, una mishale miekundu. Saa ilipofika, pikapu yenye "majeruhi" wanne (wanafunzi wa uuguzi waliopakwa rangi ya chakula) ikasimama mbele ya geti la nyuma. Kufuli. Mlinzi akasema ufunguo anao mhasibu, kwa sababu geti hilo ndilo linaloingizia mizigo ya stoo. Mhasibu alikuwa benki. Tukamngoja dakika 35, na mmoja wa majeruhi wetu alishuka, akaenda kununua maandazi.

Nenda leo ukaangalie mageti yako. Nani ana ufunguo saa nane usiku? Je, machela inapita mlangoni bila kuinuliwa? Tairi zake zinazunguka?

Mlinzi wa getini ni sehemu ya tiba, na mara nyingi ndiye ambaye hakualikwa kwenye mafunzo. Anahitaji maagizo matatu tu: gari linashusha na kuondoka, halipaki, ndugu wanaelekezwa sehemu yao, na hakuna silaha inayovuka geti, iwe ya raia au ya askari aliyejeruhiwa. Bunduki na mabomu ya mkono yakabidhiwe polisi nje. Majeruhi apekuliwe kabla ya kulazwa, tena kwa upole, maana huenda akawa ndiye mshambuliaji, na huyo pia anatibiwa kwa uzito wa jeraha lake kama mwingine yeyote.

Lipo pia bomu la pili. Tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye makutano ya Zobe mjini Mogadishu, gari la kwanza lililipuka; watu wakakimbilia kuokoa, ambulensi zikaja, na gari la pili likalipuka. Ambulensi ya Aamin, huduma ya bure inayotegemewa na jiji lile, nayo iliathirika. Zaidi ya watu 100 walikufa. Ni makutano yaleyale ambapo lori lililipuka tarehe 14 Oktoba 2017 na kuua zaidi ya watu 500. Kwa hiyo usimtume muuguzi wako eneo la tukio kwa sababu tu ana moyo. Anakwenda polisi wakisema pamekaguliwa. Na kundi la watu lililojikusanya nje ya geti lako nalo ni shabaha, litawanyeni.

Hatua ya 4: Kuchuja kwa rangi

Madaktari wanaita triaji. Kwa lugha nyepesi ni kuamua nani anashughulikiwa sasa, nani baadaye, na nani hatutamfikia. Siku za kawaida mgonjwa mahututi kuliko wote hupewa kila kitu. Siku ya majeruhi sitini haiwezekani, na mtu wa kwanza kufundishwa hilo awe mganga mfawidhi, kwa sababu ndiye atakayepigiwa simu na mkubwa fulani aseme ndugu yake aangaliwe kwanza.

Anayechuja asimame mlangoni, awe mzoefu kuliko wote mlio nao baada ya daktari wa upasuaji, na atumie chini ya dakika moja kwa kila mtu. Nyekundu ni wa kushughulikiwa sasa, njano anaweza kungoja, kijani ameumia kidogo, mweusi amekufa. Kwa mtu mzima njia rahisi ni hii. Anayeweza kutembea ni kijani. Asiyetembea, tazama pumzi: kama hapumui, fungua njia ya hewa, bado hapumui, ni mweusi. Akianza kupumua, nyekundu. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, nyekundu. Mapigo ya kwenye kifundo cha mkono hayasikiki, nyekundu. Ukimwambia fumba macho au bana mkono wangu na hafanyi, nyekundu. Waliobaki ni njano. Watoto wana viwango vyao. Bandika karatasi yao ukutani.

Sasa angalia mtego uliomo. Mlipuko hutoboa ngoma za masikio. Mtu aliyekuwa karibu na bomu anaweza kuwa mzima wa akili kabisa, ila hasikii. Unamwambia bana mkono wangu, anakutazama tu, unamvika nyekundu. Kwa hiyo mwonyeshe kwa ishara: funga na kufungua kiganja chako mbele ya macho yake. Nimewaona wauguzi wazuri wakikosea hapo kwenye mazoezi, na wakishakosea mara moja hawasahau.

Mtego mwingine ni mapafu. Wimbi la mlipuko huyaumiza bila kuacha alama ya nje. Mtu aliyekuwa chumba kimoja na bomu, hasa chumba kilichofungwa au ndani ya basi, asiruhusiwe kwenda nyumbani kwa sababu anaongea vizuri. Akae chini ya uangalizi saa sita hadi nane. Ndiyo maana wale wa kijani chini ya mwembe wanahitaji muuguzi wa kuwazungukia na kuwachuja upya kila nusu saa.

Kadi za rangi za kununua ni nzuri, lakini zikiisha au zisipoonekana tumia vitambaa. Namba andika kwenye plasta pana ubandike kifuani, na uiandike pia kwa kalamu ya wino mzito kwenye ngozi ya mkono, maana nguo zitakatwa. Namba kwanza. Jina litafuata.

Kuhusu wale ambao wako hai lakini majeraha yao yanazidi uwezo wenu wa siku hiyo: wawe na sehemu yao tulivu, si korido. Wapewe dawa ya maumivu, na mtu wa kukaa nao. Mambo yakitulia watazamwe upya, kwani wapo wanaovuka.

Hatua ya 5: Damu

Hapa ndipo watu wengi hupotea au huokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwanza, damu inayotoka. Jeraha la mkono au mguu linalofoka damu linazuiwa kwa kukandamiza, na lisipozuilika, kwa mkanda wa kukaza. Mkanda unafungwa vidole vinne hivi juu ya jeraha, si juu ya kiungo kama goti, unakazwa mpaka damu inakoma, na saa inaandikwa. Usiulegeze "kupumzisha mguu". Mwenye kuulegeza ni yule aliye tayari kufunga mshipa. Kama hakuna mkanda wa dukani, kipande kipana cha khanga na mwiko imara wa kukazia vinaweza kusaidia. Kamba nyembamba au waya hukata nyama. Hili wafundisheni pia madereva wa bodaboda wa kijiwe kilicho mbele ya hospitali, maana wao ndio watakaokuwa na majeruhi kabla yenu.

Pili, kuna dawa ya bei nafuu ya kusaidia damu kuganda (tranexamic acid) ambayo kila mtu wa dharura anaijua kwa kifupi chake, TXA. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 20,000 katika nchi 40, ulionyesha inapunguza vifo kwa waliopoteza damu. Mtu mzima hupewa gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine taratibu kwa saa 8. Lakini ianze ndani ya saa tatu tangu aumie. Baada ya hapo inaweza kudhuru. Kwa hiyo isikae famasi kuu inayofungwa saa tisa alasiri. Ikae kwenye sanduku la dharura.

Tatu, damu ya kuongezwa. Baada ya kila tukio watu hujipanga foleni kuchangia, na ni jambo la kutia moyo kweli. Nairobi, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, foleni zilijaza viwanja. Lakini damu iliyotolewa mchana haiingii mwilini mwa mtu jioni ileile kirahisi: inapimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini ya B na C, na kaswende. Inayookoa saa ya kwanza ni ile iliyokuwa kwenye friji asubuhi. Chembe nyekundu zikihifadhiwa vizuri hukaa siku 35 hadi 42, kwa hiyo wachangiaji elfu moja wa siku moja watakuletea damu itakayoharibika pamoja. Chukua majina na simu zao, gawa watu kwa wiki nane zijazo, wapigie.

Andaeni pia orodha ya wafanyakazi wenu wenyewe wa kundi O waliopimwa na wanaopimwa tena mara kwa mara. Na usihangaike kutafuta O hasi kwa kila mtu. Kwa Waafrika wa huku O hasi ni adimu sana, na wengi wetu ni chanya. Mwanamume anayekufa kwa kutokwa damu apewe O chanya. O hasi chache mlizonazo waachieni wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa ambao kundi lao halijajulikana.

Hatua ya 6: Thieta

Hesabu kwa ukweli. Thieta mbili zenye mtaalamu mmoja wa usingizi ni thieta moja. Ukijua hilo mapema utajua ni wangapi unaweza kuwapasua kwa saa sita na wangapi lazima wasafirishwe. Garissa, baada ya shambulio la chuo kikuu la tarehe 2 Aprili 2015 lililoua watu 148, majeruhi mahututi walipelekwa kwa ndege Nairobi, ambako kwa barabara ni karibu kilomita 370. Mkataba wa namna hiyo, nani anaita ndege, nani anasindikiza, mgonjwa anakabidhiwa kwa nani, hauandikwi usiku wa tukio.

Upasuaji wa siku hiyo ni mfupi: zuia damu, zuia kinyesi kumwagika tumboni, funika, toka. Matengenezo yatafuata kesho kutwa. Picha za eksirei na vipimo vya maabara vibaki kwa wale ambao jibu litabadilisha uamuzi. Ultrasaundi ya haraka ya tumbo inatosha kwa wengi. Ketamini iwe ya kutosha, maana inamlaza mgonjwa hata pale mashine ya usingizi isipokuwepo.

Kosa ninaloliona mara kwa mara kwa madaktari waliozoea ajali za pikipiki ni kushona jeraha la bomu au risasi siku ileile. Linapendeza, ndugu wanafurahi, na siku ya tatu linanuka. Vipande vya bomu huingia na udongo, nguo, hata mfupa wa mtu mwingine. Madaktari wa upasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu wamefundisha hivi kwa miongo mingi: ondoa nyama iliyokufa, osha kwa maji mengi, weka shashi kavu na nyingi, funga bandeji, na uliache wazi bila kushona. Usifungue kila asubuhi kuchungulia. Kama mgonjwa hana homa wala harufu mbaya, bandeji inafunguliwa thieta siku ya nne au ya tano, na jeraha safi ndipo linashonwa. Chanjo ya pepopunda kwa kila aliyechanika. Jambo hili liandikwe kwa herufi kubwa kwenye mlango wa thieta, kwa kuwa mabingwa wageni wanaokuja kusaidia nao husahau.

Hatua ya 7: Maji, umeme, oksijeni

Haifa, Israel, Hospitali ya Rambam ilijenga maegesho ya magari chini ya ardhi ambayo ndani ya siku chache yanageuka wodi ya vitanda 2,000. Sisi hatutajenga hilo. Lakini siri yake inaigika: mabomba ya oksijeni na nyaya za umeme viliwekwa ukutani wakati wa ujenzi, kabla ya vita. Ukijenga jengo la wagonjwa wa nje au hata ukumbi wa mikutano, ongeza soketi na bomba la maji. Gharama ni ndogo fundi akiwa bado yupo.

Jenereta iwashwe kila wiki ikiwa imebeba mzigo wa kweli, thieta ikiwa inafanya kazi. Kuunguruma tu dakika tano hakukuambii kitu. Dizeli ya saa 72. Mitungi ya oksijeni ihesabiwe, na spana yake ifungwe kwa mnyororo pale pale.

Masanduku ya dharura, kila moja la majeruhi kumi, yafungwe kwa utepe wa namba. Utepe ukikatika, mtu amechukua glovu.

Hatua ya 8: Kama ni sumu

Machi 20, 1995, gesi ya sarin iliachiwa kwenye treni za Tokyo. Hospitali ya St. Luke's ilipokea watu wapatao 640 siku ile, wengi wamejileta wenyewe, na zaidi ya wafanyakazi 100 wakapata dalili kwa sababu wagonjwa waliingia na nguo zao. Kwa hiyo mtu mwenye macho yanayochuruzika, mate, jasho na mboni ndogo kama ncha ya sindano asiingie jengoni. Avuliwe nguo nje, aoshwe kwa maji, afunikwe khanga. Kuvua nguo peke yake huondoa sehemu kubwa ya sumu.

Wauguzi wa vijijini wasiogope jina. Sarin ni ndugu wa dawa za kuua wadudu ambazo wakulima hunywa au kuzivuta kwa bahati mbaya, na tiba inaanzia palepale mnapopajua: atropini, tena nyingi kuliko mlivyozoea.

Hatua ya 9: Kompyuta zikizima

Mei 12, 2017, virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za hospitali nyingi Uingereza, na miadi ipatayo 19,000 ikafutwa. Hakukuwa na risasi hata moja. Andaeni mafaili 100 ya karatasi yenye namba tayari, fomu za maabara na za damu ndani yake, na mtu anayejua kuandika daftari la mapokezi kwa mkono. Vijana wa siku hizi wengine hawajawahi.

Hatua ya 10: Ndugu, na marehemu

Kwa kila majeruhi watakuja ndugu wanne au watano. Wasipopewa habari watazunguka wodi kwa wodi wakifunua mashuka. Wapeni sehemu yenye viti na kivuli, na mtu mmoja mwenye orodha anayesoma majina kila saa kamili, hata kama hakuna jipya. Sauti yake tu inatuliza. Awe mtu mzima, anayejua kusema pole.

Miili ndiyo mtihani. Familia za Kiislamu zitataka kuzika siku ileile, na zina haki ya kutaka. Polisi watataka miili ikae kwa uchunguzi. Ukingoja mpaka pande mbili zigombane mlangoni mwa mochwari umechelewa. Kaeni mapema na sheikh, mchungaji na mkuu wa polisi wa wilaya mkubaliane: utambuzi kwa picha kwanza, mtu wa familia mmoja anaingia, karatasi inasainiwa, muda wa juu unajulikana. Mwili usitambuliwe kwa nguo peke yake; mtumba hufanana.

Hatua ya 11: Hospitali yenyewe ikiwa ndiyo inayopigwa

Mikataba ya Geneva ya 1949 inalinda hospitali, na Baraza la Usalama lilirudia hilo kwa azimio namba 2286 la Mei 2016. Hata hivyo, tarehe 3 Oktoba 2015 ndege ya Marekani ilipiga hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mjini Kunduz, Afghanistan, ikaua watu 42, ingawa ramani ya mahali ilipo ilikuwa imeshatolewa kwa majeshi. Tarehe 8 Julai 2024 kombora lilipiga hospitali ya watoto ya Okhmatdyt mjini Kyiv. Ndiyo sababu hospitali za Ukraine zimezoea kushusha wagonjwa na upasuaji orofa ya chini ya ardhi.

Karibu zaidi na sisi ni Goma. Waasi wa M23 walipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, hospitali ya CBCA Ndosho ilijaa majeruhi wa risasi na vipande vya mabomu kupita uwezo wake. Umeme na maji vikakatika, na bohari ya dawa ya Msalaba Mwekundu ikaporwa. Msalaba Mwekundu ulionya pia kuhusu maabara ya mji ambayo ina sampuli za virusi vya Ebola, kama umeme ungekosekana. Kwa hiyo gawa akiba yako sehemu tatu tofauti, usiweke dawa zote bohari moja. Panga vitanda mbali na madirisha, na ubandike plastiki angavu kwenye vioo, rejea Nairobi. Askari wenye bunduki wasipige kambi uani mwako kwa kisingizio cha kukulinda, maana uwepo wao unaweza kuiondolea hospitali ulinzi wake. Na jua nini ndani ya jengo lako hakiruhusiwi kukosa umeme.

Hatua ya 12: Zoezi

Anzeni mezani. Chora ramani ya hospitali kwenye karatasi kubwa, chukua punje za mahindi kama majeruhi na maharage kama wafanyakazi. Mtu mmoja anamwaga punje kumi getini kila baada ya dakika tano, na kila harage linahudumia punje mbili tu. Mkifika punje ya arobaini mtaona wenyewe korido gani imeziba. Zoezi hilo linachukua saa moja na chai.

Kisha fanyeni la kweli, bila kutangaza, saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu. Andikeni makosa matano tu, kila kosa na jina la mtu wa kulirekebisha na tarehe. Likirekebishwa, rudieni.

Sisi tulirudia baada ya miezi minne. Ufunguo wa geti la nyuma ulikuwa umetundikwa kwenye kibanda cha mlinzi, kwenye msumari, una kibao chekundu. Geti likafunguka ndani ya nusu dakika. Pikapu ikaingia, machela ikatolewa, majeruhi akalazwa juu yake, na kwenye ngazi mbili za kuingilia chumba cha dharura, ngazi ambazo tumezipanda kila siku miaka yote, wauguzi wakasimama wakitazamana. Fundi wa zege alikuja wiki iliyofuata.